Barza za Kolwezi: Nani Aliamua Tofali?

Anayetaka sakafu ya nje ya nyumba siku hizi huuziwa mbao za mchanganyiko, unga wa mti uliosindikwa pamoja na plastiki, zilizoingia soko la Marekani miaka ya 1990 kwa ahadi kwamba haziliwi na mchwa wala haziozi kwa mvua. Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, ahadi hiyo ingepata wasikilizaji wengi: mvua hunyesha tangu Novemba hadi Aprili, na vichuguu vya miombo vingine hupita paa la nyumba kwa urefu. Lakini ukifuatilia jinsi barza, yaani veranda, za ukanda wa shaba zilivyojengwa, mchwa na mvua vinaeleza machache. Kama familia iliketi jioni juu ya udongo ulioshindiliwa au juu ya saruji, hilo lilitegemea zaidi muda ambao mwenye ardhi na mshahara alitaka familia hiyo ibaki pale.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na reli ikafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Vibarua wa mwanzo waliletwa kwa mikataba ya miezi tu, na vibanda vyao vililingana na mikataba hiyo: fito, udongo, nyasi. Kichomi na magonjwa ya kuhara viliwaua wengi kambini, na mafua ya mwaka 1918 yakazidisha. Kwa mwajiri aliyeweza kupata watu wengine kwa bei nafuu, nyumba ya kudumu ilikuwa hasara. Hesabu ilibadilika miaka ya 1920, watu walipozidi kuwa adimu na kuwatoa mbali, hadi Ruanda-Urundi, kukawa ghali. Karibu na mwaka 1928 kampuni ikashika sera mpya: mikataba ya miaka mitatu, na mfanyakazi aje na mke. Nyumba za tofali zikaenea kambini katika kipindi hichohicho. Kwa hiyo Kolwezi ilipoanzishwa mwaka 1937 kuwa kituo cha migodi ya magharibi, lile swali la nyasi au tofali lilikuwa limekwisha kujibiwa kwingine, kwenye daftari za gharama.

Ajabu ni kwamba malighafi yenyewe ilikuwa imesimama pale siku zote. Mchwa hupandisha udongo wa mfinyanzi kutoka chini, wakaushikamanisha chembe kwa chembe, kwa hiyo kichuguu ni ghala la udongo bora kuliko ardhi inayokizunguka. Mafundi hukichimba ubavuni, hulowanisha udongo, huukanyaga kwa miguu, huujaza kwenye kalibu za mbao na kuyaanika matofali chini ya majani yasije yakapasuka kwa jua. Yakikauka hupangwa kuwa tanuru lenye mahandaki ya kuni chini, likapakwa tope nje na kuwashwa moto. Ya katikati hutoka mekundu na magumu. Ya pembeni hubaki laini, na fundi mwaminifu hayaweki msingini. Gharama yake hulipwa na msitu, kwa maana kila tanuru hula miti mingi. Juu ya tofali ikaja saruji, ambayo Lubudi ilikuwa na kiwanda chake tangu enzi za Wabelgiji, na manjanja, yaani mabati, ya kuezekea.

Mtu atasema: basi ni mchwa tu, nyumba ya fito ingeliwa hata hivyo. Kweli ingeliwa. Ila mchwa walikuwapo mwaka 1911 kama walivyokuwapo mwaka 1930, na vichuguu pia. Kilichobadilika katikati ni mkataba. Hoja nzito zaidi ni ya wanaosema kampuni iliwajali watu wake, na ushahidi wanao: vifo vilipungua, hospitali na shule zikajengwa. Sioni sababu ya kukana faida hiyo. Lakini nyumba ile ilifungamana na kazi. Aliyefukuzwa alitoka humo mikono mitupu, na tofali alilokaa juu yake miaka kumi halikuwa lake hata moja. Uimara wa jengo ulikuwa wa mwajiri. Mkaaji alipewa kivuli chake.

Kampuni ilipotaifishwa mwaka 1967, na baadaye kuitwa Gécamines, mpango huo uliendelea karibu kama ulivyokuwa. Ulivunjika uzalishaji ulipoporomoka baada ya sehemu ya mgodi wa Kamoto kubomoka mwaka 1990. Watu wakaanza kujenga kwa fedha zao wenyewe, na ndipo swali la muda likarudi kwa sura nyingine. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema ardhi ni mali ya taifa. Raia hupata haki ya kuitumia, na madini yaliyo chini yana sheria yake. Mwaka 2014 kobalti ilipogunduliwa chini ya mtaa wa Kasulo, Kolwezi, mashimo yalichimbwa uani na hata ndani ya vyumba, kwa sababu kilichokuwa chini ya sakafu kilizidi thamani ya sakafu. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikahamishwa, ikazungushiwa ukuta na kukabidhiwa kampuni inunue madini yake. Kisha mwaka 2023 Amnesty International ikaeleza jinsi wakazi wa Cité Gécamines, mtaa wa nyumba imara zenye maji na umeme, walivyoondolewa ili mgodi wa shaba na kobalti upanuke. Mbele ya mipaka ya leseni, barza yao ya saruji haikuwapa siku moja zaidi kuliko ile ya udongo.