Britannia ya Bombay: Miaka 100 ya jiko la Kiajemi chini ya jina la Mwingereza

Mwaka 2023 mgahawa wa Britannia & Co. wa mjini Mumbai, India, mji uliokuwa ukiitwa Bombay, ulitimiza miaka 100. Si mahali pa kifahari. Kuta zimebanduka rangi, viti ni vya zamani vya mbao iliyopindwa, na kwa miaka mingi mlango ulikuwa ukifunguliwa kwa chakula cha mchana tu, Jumapili ukifungwa. Hata hivyo, adhuhuri ya siku ya kazi utakuta foleni mlangoni: makarani wa kampuni za meli, mawakili na watalii wenye kamera shingoni. Wengi wamefuata sahani moja, pilau yenye asili ya Uajemi iliyonyunyiziwa vitunda vyekundu vikali.

Habari za nyumba hii zimeandikwa na magazeti ya nchi nyingi, na karibu zote zimetoka kinywani mwa mtu mmoja. Huyo ni marehemu Boman Kohinoor, mtoto wa mwanzilishi, aliyefariki Septemba 25, 2019 akiwa na miaka 97. Makala haya nayo yanamfuata yeye, maana ndiye aliyeijua nyumba hiyo kuliko yeyote. Ila pana mahali ambapo waandishi waliomsikiliza walipita mbio, na hapo tutakaa kitako.

Waajemi wa awamu ya pili

Wafuasi wa dini ya Zoroasta walianza kuhama Uajemi, yaani Iran ya leo, kwenda Gujarat, magharibi mwa India, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, baada ya dola yao kuanguka. Hao ndio Waparsi, na pwani yetu inawafahamu: mwanamuziki Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, alitoka katika jamii hiyo.

Awamu ya pili ilikuja katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wengi wao wakitoka Yazd na Kerman. Walikimbia njaa, dhuluma na kodi ya jizia waliyotozwa wasio Waislamu, ambayo iliondolewa mwaka 1882 baada ya Waparsi wa Bombay kumtuma mjumbe wao, Manekji Limji Hataria, kuwatetea ndugu zao kwa watawala wa Tehran. Mjini Bombay wageni hawa waliitwa Wairani ili watofautishwe na Waparsi waliotangulia. Waparsi walikuwa na viwanda vya nguo na majumba, Wairani walikuja na mikono mitupu. Wengi walianza kwa kazi za nyumbani, kisha wakafungua vibanda vya chai.

Vibanda vikawa migahawa, na migahawa mingi ikakaa kwenye pembe za barabara. Inasemekana wenye maduka wa Kihindu waliona pembe kuwa na nuksi, hivyo kodi yake ilikuwa nafuu, na Muirani hakuwa na imani hiyo. Kyani & Co. ilifunguliwa mwaka 1904 na B. Merwan mwaka 1914. Meza za marumaru, vioo ukutani, chai ya maziwa na mkate uliopakwa siagi vikawa mali ya mji mzima. Katika jiji lililogawanyika kwa dini na matabaka, hapo mpagazi na hakimu waliweza kuketi meza za jirani, na hiyo haikuwa kazi ndogo.

Jina la kupatia leseni

Rashid Kohinoor, baba yake Boman, alichagua eneo la Ballard Estate. Ardhi hiyo ilikuwa bahari hadi miaka michache kabla. Mamlaka ya bandari iliijaza kwa kifusi kilichochimbwa kwenye gati la Alexandra, na msanifu George Wittet, yule aliyechora lango mashuhuri la Gateway of India, akaipangia majengo ya mawe ya mtindo wa London. Ofisi zilikuwa za Waingereza, na meli zilitia nanga hatua chache kutoka hapo. Wazee wa Mombasa na Zanzibar wanaozikumbuka Karanja na Kampala, meli zilizokuwa zikileta watu na shehena kutoka Bombay, watajua bandari hiyo ilikuwa na uzito gani kwetu.

Kwa masimulizi ya Boman, leseni ya mgahawa wakati huo ilichukua muda mrefu kutoka. Baba yake akaamua kuupa mgahawa jina la Britannia, alama ya dola yenyewe, na afisa wa Kiingereza akapitisha karatasi bila kuchelewa. Mkimbizi kutoka Uajemi wa wafalme wa Qajar, asiye na mtu wa kumsemea, alijifunga kanga ya mtawala na mlango ukafunguka. Jikoni nako alifuata mteja: walipikiwa Waingereza vyakula vya Kizungu, visivyo na viungo vikali.

Jina halikumlinda siku zote. Katika Vita vya Pili vya Dunia jeshi la Uingereza lilitwaa jengo, na wenyewe wakarudishiwa baada ya vita. Uhuru ulipokuja mwaka 1947, wateja wa zamani waliondoka na makarani wa Kihindi wakashika viti vyao. Orodha ya vyakula ikageuka pia: kuku na mchuzi wa viungo, kisha vyakula vya Kiparsi kama dhansak, yaani nyama iliyopikwa na dengu, na sali boti, mchuzi wa nyama uliofunikwa viazi vyembamba vya kukaanga.

Bachan na zereshk

Hapa ndipo pa kukaa kitako. Mgahawa huu unaojulikana leo kwa chakula cha Kiajemi ulikaa karibu miaka 60 bila sahani iliyoupa sifa hiyo. Iliingia mwaka 1982, na aliyeileta hakuwa Rashid wala Boman. Alikuwa Bachan Kohinoor, mke wa Boman, aliyewahi kuishi na kufanya kazi Iran. Huko alikula zereshk polow, wali wa sherehe unaopikwa katika nyumba nyingi za Kiirani, na akarudi na wazo.

Zereshk ni kitunda kidogo chekundu, kidogo kuliko zabibu kavu na kikali mno. Hulimwa zaidi Khorasan ya Kusini, mashariki mwa Iran, karibu na miji ya Birjand na Qaen, kwenye ardhi kame. Huvunwa msimu wa vuli na kukaushwa. Mpishi wa Kiirani hukiosha kuondoa mchanga, akakipitisha kidogo kwenye samli na sukari ili ukali upungue, akakimwaga juu ya wali wenye zafarani. Wali wenyewe huchemshwa nusu, ukachujwa maji, ukarudishwa chunguni upate mvuke taratibu hadi chini ufanye ukoko. Kwa Muirani ukoko hauachiwi watoto wagombanie jikoni. Hupakuliwa kwa heshima na mgeni hupewa kwanza.

Bachan alijua kwamba karani wa Mumbai angeiona sahani hiyo kuwa imepooza. Pilau ya Iran haina pilipili, haina mdalasini wala karafuu za kutosha ulimi wa Kihindi. Basi akaibadili. Chini akaweka nyama ya mbuzi au kuku yenye mchuzi mzito wa viungo, juu wali wa zafarani, juu yake vidonge vya kababu, korosho, vitunguu vya kukaanga, na mwisho zereshk kutoka Iran. Ukichimba kijiko hadi chini unapata mafuta na viungo vya India, ukirudi juu unapata ukali wa Khorasan. Kwenye orodha iliitwa Berry Pulao, nayo ikaimeza orodha nzima.

Boman mwenyewe hakuficha, alimtaja mkewe kila alipoulizwa. Waandishi ndio waliompa Bachan mstari mmoja, kisha wakarudi kwa mzee na vichekesho vyake. Lakini fikiria hali ilivyokuwa. Mwaka 1982 ofisi za Waingereza zilikuwa zimekwisha, na mapinduzi ya 1979 na vita na Iraq vilikuwa vimeifanya Iran kuwa mbali kuliko wakati wowote tangu Rashid ahame. Mwanamke mmoja akaiingiza nchi hiyo mgahawani kwa gunia la vitunda vilivyokaushwa. Bila yeye Britannia ingebaki jina zuri juu ya mchuzi wa kawaida, na huenda ingefungwa kama nyingine.

Mzee na Malkia

Sehemu inayopendwa na watalii ni ile ya Boman na ufalme. Mzee alikuwa akipita meza hadi meza, akichukua oda mwenyewe, akimhimiza mgeni anywe soda ya ndimu dhidi ya joto la Mumbai, kisha akitoa picha na barua alizopata kutoka kwa Malkia Elizabeth, zimefunikwa plastiki zisichakae. Ukutani Malkia, Gandhi na nabii Zoroasta walitundikwa pamoja, na hakuna aliyemlalamikia mwenzake.

Mwaka 2016 Mwanamfalme William, mjukuu wa Malkia, na mkewe Kate walipokuwa wakienda India, video ya Boman akiomba kuwaona ilisambaa mitandaoni. Aprili 10 aliitwa kwenye hoteli ya Taj Mahal Palace akakutana nao, akiwa amevuka miaka 90. Wapo waliocheka: mji uliobadili jina kutoka Bombay kuwa Mumbai mwaka 1995 ili kufuta ukoloni, na huyu bado anamlilia Malkia. Mimi sicheki sana. Mtoto wa mkimbizi aliyepata mlo kwa jina la kuazima alikuwa na haki ya kulipenda jina hilo.

Inayofungwa, na inayoigwa

Inakadiriwa kwamba katika miaka ya 1950 Bombay ilikuwa na migahawa ya Wairani 350 hivi. Leo haifiki hata 50. Watoto wa wenye migahawa walisoma, wakawa madaktari na wahandisi, wengine wakahamia Canada, na ardhi ya pembe iliyokuwa na nuksi ikawa ghali kuliko biskuti zote za duniani. Bastani, mgahawa uliompa mshairi Nissim Ezekiel wazo la shairi lake kuhusu mabango ya makatazo ya Kiirani, umefungwa. Mwaka 2014 B. Merwan ilitangaza kufunga, watu wakajaa kununua keki za mwisho, kisha ikafunguliwa tena.

Wakati huohuo, London wameona mali. Kampuni ya Dishoom ilifungua mgahawa wake wa kwanza mwaka 2010 kwa kuiga waziwazi ile ya Wairani wa Bombay, hadi viti na picha za ukutani, na sasa ina matawi katika miji kadhaa ya Uingereza. Wawili kati ya waanzilishi wake, Shamil na Kavi Thakrar, wanatoka katika ukoo wa mchele wa Tilda, Waasia waliokuwa Uganda kabla Idi Amin hajawafukuza mwaka 1972. Siwalaumu, wameuza kumbukumbu kwa bei inayostahili. Lawama ni ya miji yetu, Mumbai na hata ya huku kwetu, inayoweka kibao cha urithi kwenye kila nguzo ya gavana na kuiacha meza aliyokula mpagazi itupwe jalalani.

Britannia bado iko mikononi mwa ukoo wa Kohinoor, katika jengo lilelile la Wakefield House. Watu wetu wengi hufika Mumbai kila mwaka kwa matibabu na biashara. Ukiwa mmoja wao, nenda mchana, uagize pilau ya zereshk. Na watakapokuonyesha picha za Malkia, waulize habari za Bachan.