Sindano Butu na Kidole cha Mshonaji: Historia ya Kinga katika Mshono wa Msamba

Makala haya yanatetea hoja kwamba kinga dhidi ya kuchomwa sindano iliyofaulu katika upasuaji wa aina moja haipaswi kudhaniwa kuwa inafaa katika upasuaji mwingine kabla ya kupimwa huko.

Hatari yenyewe ni kongwe. Machi 1847, mjini Vienna, Profesa Jakob Kolletschka alifariki baada ya kuchomwa kidole kwa kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti. Rafiki yake Ignaz Semmelweis alitambua kuwa maradhi yaliyomuua yalifanana na homa ya uzazi, na mwezi Mei akaagiza kunawa mikono kwa maji ya klorini. Jeraha la daktari lilifichua chanzo cha vifo vya wazazi, lakini kinga iliyotokana nalo ilimlenga mzazi, si daktari.

Mtazamo huo ulibadilika baada ya mwaka 1984, jarida la The Lancet liliporipoti muuguzi aliyeambukizwa Virusi vya UKIMWI kwa kuchomwa sindano. Januari 1997, taasisi ya CDC ya Marekani ilichapisha matokeo ya upasuaji wa magonjwa ya wanawake katika hospitali tatu za New York: sindano kali zilizopinda zilisababisha majeraha 1.9 kwa kila sindano 1,000 zilizotumika. Sindano zenye ncha butu hazikusababisha hata moja.

Je, matokeo hayo yanahusu pia msamba uliochanika wakati wa kujifungua? Hapo mshonaji hufanya kazi katika nafasi finyu yenye damu, na mara nyingi kidole chake ndicho kinachoongoza ncha asiyoiona. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2008 lilionyesha kuwa sindano butu hazikupunguza kutoboka kwa glavu katika mshono huo. Mwaka uliofuata, jaribio jingine lilionyesha kuwa zilipunguza katika upasuaji wa kujifungulia, ingawa madaktari hawakuridhika nazo sana. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2011, yaliyojumlisha upasuaji wa aina mbalimbali, yalikadiria upungufu wa asilimia 54.

Wastani huo ni wa kweli, ila unaficha tofauti hiyo. Mwongozo unaoutegemea peke yake unaweza kumpa mshonaji wa msamba imani asiyostahili kuwa nayo. Kwake, kubadili sindano hakutoshi: kibano kichukue nafasi ya kidole.