Shimo la Price na Visima vya Atlantic City

Shimo la Price, mjini Pleasantville katika jimbo la New Jersey, Marekani, lilianza kama machimbo ya mchanga na kokoto. Uchimbaji ulipokoma, likageuzwa jaa la taka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 taka za kawaida zilichanganyika na kemikali za viwandani: zaidi ya lita milioni 30 zilitupwa humo, nyingine katika mapipa, nyingine zikimwagwa moja kwa moja ardhini.

Ardhi hiyo ni ya kichanga, na maji hupenya humo bila kizuizi. Sumu ilizama hadi kwenye maji ya chini ya ardhi, kisha ikaanza kusogea kuelekea visima vilivyonywesha mji wa Atlantic City. Jaa lilifungwa mwaka 1976, mwaka uleule wapiga kura waliporuhusu kasino mjini humo. Bahati mbaya iliyoje: wageni waliongezeka, na kadiri pampu zilivyofanya kazi ndivyo maji machafu yalivyovutwa karibu zaidi.

Serikali kuu ilifungua kesi mwaka 1980. Mwaka 1982 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba washtakiwa wanaweza kuamriwa kugharimia uchunguzi wa uchafuzi hata kabla ya kesi kumalizika. Wenye visima vya nyumbani walipelekewa maji ya bomba, visima vya Atlantic City vikahamishiwa kwingine. Kusafisha kwenyewe, yaani kuyavuta maji yenye sumu, kuyatibu na kulifunika jaa, kulipangwa mwaka 1986.