Thogoto: Ushirika wa Wapresbiteri na Nyumba Zake za Ibada

Thogoto ni mahali palipo upande wa magharibi wa Nairobi, katika nchi ya Wakikuyu. Jina lake ni neno la kigeni lililovishwa matamshi ya wenyeji, nalo ni "Scot". Kikuyu hakina sauti ya s, hivyo mahali pake pakatiwa th. Tena konsonanti mbili zilizofuatana zikatengwa kwa vokali. Na k ikawa g, kama ilivyo desturi ya lugha hiyo inapofuatwa na silabi yenye t. Kwa kanuni hiyo hiyo Mkikuyu husema gutuma pale Mswahili asemapo kutuma.

Misheni ya Waskoti haikuanzia hapo. Mwaka 1891 Dkt. James Stewart wa Lovedale aliifungua Kibwezi, kwenye njia ya misafara itokayo Mombasa. Homa ikawapunguza wamisionari, na mwaka 1898 Thomas Watson akaihamishia katika nyanda za juu za Kikuyu. Watson alifariki mwaka 1900, lakini mkewe, Minnie Watson, alibaki akifundisha mpaka 1931.

Aliyefuata ni David Clement Scott, aliyekwisha kujenga kanisa kubwa la Blantyre huko Nyasa na kutunga kamusi ya Kimang'anja iliyotoka mwaka 1892. Naye alifariki mwaka 1907. Kanisa lililojengwa baadaye likaitwa kwa majina ya marehemu hao wawili, yaani Watson-Scott Memorial.

Mwaka 1913 misheni za Kiprotestanti zilikutana Thogoto kutafuta umoja. Mwisho wa mkutano Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Meza ya Bwana katika kanisa la Wapresbiteri, na wasio Waanglikana wakashiriki. Askofu Frank Weston wa Unguja aliwashitaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa uzushi, na shauri likafika kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Mwaka uliofuata ushirika huo ulimbatiza kijana Johnstone Kamau, ambaye baadaye aliitwa Jomo Kenyatta.

Idadi ya waumini ilipoongezeka, ujenzi wa kanisa kubwa la mawe ulianza mwaka 1928, nalo likaitwa Church of the Torch, yaani Kanisa la Mwenge. Lakini kuta zilipokuwa zikipanda, ushirika ulivunjika. Mwaka 1929 misheni, ikiongozwa na Dkt. John Arthur, iliwataka waumini waape kukataa tohara ya wanawake. Kiapo hicho kiliitwa kirore, maana yake alama ya kidole gumba. Wengi walikataa, wakatoka, wakaanzisha shule zao wenyewe na baadaye makanisa yao. Kenyatta mwenyewe aliitetea mila hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1938.

Kanisa lilikamilika mwaka 1933. Kwa hiyo mtu atakayepima nguvu ya ushirika kwa ukubwa wa jengo lake atakosea, kwa kuwa jengo kubwa kuliko yote lilifunguliwa wakati jeraha lilikuwa bado bichi. Kilichouendeleza ushirika ni wachungaji wenyeji, ambao wa kwanza wao, akiwemo Musa Gitau, waliwekewa mikono mwaka 1926, kabla ya jiwe la kwanza la Mwenge kuwekwa. Mwaka 1956 Waafrika na Wazungu waliokuwa na mabaraza mbalimbali waliunganishwa katika Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki.