Simu ya Kazi na Simu ya Nyumbani

Reli ya TAZARA ilipofunguliwa mwaka 1976, na kiwanda cha karatasi kilipoanza kazi hapa Mgololo katika miaka ya 1980, simu ilikuwa mali ya ofisi. Ilikaa juu ya meza, na mwenye meza ndiye aliyeamua nani aitwe. Habari ya msiba wa baba yangu ilipokelewa Ijumaa katika ofisi moja. Ikanifikia Jumatatu, maziko yamekwisha.

Mwaka 1994 Mobitel ilileta simu za mkononi nchini, lakini zilikuwa za wenye fedha. Vodacom ikafuata mwaka 2000. Ilipoingia M-Pesa mwaka 2008, simu ikawa pia mkoba wa fedha, na mnyonge naye akaitafuta.

Leo ninazo mbili. Simu janja ni ya kazi: picha za mbao, hesabu, na kundi la WhatsApp lisilolala. Kitochi ni cha nyumbani. Chaji yake hukaa siku kadhaa, na namba yake wanaijua wachache. Wenzangu husema simu moja ya laini mbili ingetosha. Kwa upande wa fedha ni kweli. Lakini nikiizima hiyo moja ili nipumzike na kazi, nitakuwa nimewazimia na ndugu zangu.

Kwa hiyo usiku simu janja huizima, kitochi hukiweka karibu na mto. Ndugu msomaji, kabla hujauliza bei na kamera, jiulize kwanza: ni nani asiyepaswa kukukosa?