Kengele Inayolia Bure Huishia Kuzimwa

Wandugu, leo tuongee juu ya watu ambao hatuwaoni tunapopanda ndege: waongoza ndege, wale wanaokaa mbele ya rada. Tunafikiri mashine ikiona hatari inalia, mtu anasikia, basi tumepona. Historia inaonyesha kwamba kati ya kulia na kusikia kuna njia ndefu.

Tuanzie Florida, usiku wa tarehe 29 Desemba 1972. Ndege ya Eastern namba 401 ilikuwa inazunguka karibu na Miami kwa futi 2,000. Mapiloti walikuwa wanahangaika na ampuli moja ndogo ya gurudumu la mbele, iliyoungua. Hawakuona kama ndege inashuka polepole. Mwongoza ndege aliona kwenye rada namba ya futi 900. Lakini rada za wakati ule zilizoea kudanganya kwa kitambo kidogo, basi akauliza tu mambo yanaendeleaje, bila kutaja urefu. Wakamjibu wanataka kurudi uwanjani. Punde ndege ikaanguka ndani ya kinamasi, na watu 101 wakafa.

Njo maana Wamarekani wakatengeneza programu inayolinganisha urefu wa ndege na ardhi iliyo chini yake. Ndege ikishuka kupita kiasi, kengele inalia na onyo linawaka mbele ya mwongoza ndege. Kazi nzuri! Ila kule Guam, kisiwa chenye vilima, ilikuwa inalia mara nyingi hata kwa ndege zisizo na shida. Dawa waliyoipata ni nini? Walizima onyo ndani ya maili 54 za baharini kuzunguka rada. Ikabaki kufanya kazi kwenye ukanda wa maili 1 tu, tena juu ya maji matupu.

Tarehe 6 Agosti 1997, usiku, ndege ya Korean Air namba 801 ikagonga kilima cha Nimitz ikija kutua. Kati ya watu 254, walikufa 228. Wachunguzi waliweka kosa la kwanza kwa rubani, lakini wakaandika pia ile kengele iliyozimwa. Ingekuwa hai, ingelia karibu dakika moja mbele ya ajali.

Miaka mitano baadaye, tarehe 1 Julai 2002, ndege mbili zikagongana juu ya Überlingen, Ujerumani. Walikufa watu 71. Kule Zurich mwongoza ndege alikuwa peke yake kwenye meza mbili, mwenzake amekwenda kupumzika. Rada ilikuwa kwenye matengenezo, onyo la kwenye kioo halikuwepo. Onyo la sauti lililia, hakuna aliyelisikia. Wenzao wa Karlsruhe waliiona hatari, wakapiga simu tena na tena. Simu haikupita.

Ajali tatu, somo moja. Kengele nzuri inalia mara chache, inalia kweli, inalia mapema, na inasema ni ndege gani na shida gani. Tena inahitaji mtu ambaye hajachoka, asiyeachwa peke yake.

Wengi wetu tuko wahandisi, waganga, wakubwa wa kazi. Siku mtu atakuambia "zima ile kitu, inatusumbua," usikatae haraka, juu pengine ana haki: kengele ya uongo inachosha kweli. Lakini kwanza muulize: ukiizima, siku itakapokuwa na sababu ya kulia, nani atatuambia?