Tuwataje Babu Zetu wa Kariakoo

Ndugu zetu wa Taveta, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Sote tunayajua makaburi ya vita mjini kwetu. Mawe yake yana majina ya askari waliotoka ng'ambo. Lakini vita vilipopiganwa kilimani Salaita, tarehe 12 Februari 1916, na hata baadaye, chakula na risasi vilibebwa vichwani na Waafrika wa Carrier Corps, jina ambalo wazee walilitamka Kariakoo. Wengi waliuawa na malaria, kuhara damu na njaa, wakazikwa bila alama.

Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi hayo ilikiri kwamba maelfu ya Waafrika hawakuandikwa majina, ikaomba radhi.

Tusiishie kwenye radhi. Kila familia imuulize bibi au babu: nani alikwenda asirudi? Ni wa ukoo gani? Ni mjukuu gani aliyerithi jina lake? Yaandikeni, mtuletee.

Mchango wenu mwaka huu utawapeleka vijana wetu Nairobi kuyalinganisha na nyaraka za taifa, kisha tuyachonge kwenye jiwe letu wenyewe. Tufanye hima: mzee akiondoka, huondoka na majina.